Pingili Mbili za Theluji

Mtu akikwambia theluji ya enzi zake ilimfika gotini, muulize kwanza goti la nani, na alikuwa amesimama au amelala. Nawaambia nyie vijana mnaoanza kazi ya kutunza majengo hapa Johannesburg, kwa sababu mtakutana nao. Kila jengo la Randburg lina mmoja, na jengo langu lilikuwa na chama kizima.

Walijiita wapenzi wa hali ya hewa. Wastaafu: daktari wa meno, mhandisi wa reli, mwalimu wa hesabu, na mwenyekiti wao Oom Gert, oom kwa Kiafrikana ni mjomba, aliyekaa ghorofa ya chini karibu na bustani. Kila mwaka, ikirudi tarehe ilipoanguka theluji mara ile moja, walikuja kuchoma nyama, wenyewe huita braai, na kukumbushana. Ukiwasikia utadhani wametoka vitani. Mmoja atasema gari lake lilifunikwa lote. Wa pili atasema lake lilifunikwa pamoja na gereji. Kila mwaka theluji inaongezeka, na jua linapiga, na hakuna hata mmoja mwenye koti. Mimi napita na ndoo yangu, nasikia, nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko nimekuja kuwaelezeni.

Lakini tuanze na ujinga wangu, maana mzee anayesimulia ya wenzake tu huyo ana lake jambo.

Nilikuja hapa nikitokea Tanga. Baridi niliyoijua ni ya Lushoto, na hiyo nayo niliisikia kwa watu. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, viatu vinang'aa hata akizibua choo. Majira yangu ya baridi ya kwanza, nikaamka alfajiri nioshe ngazi za mbele. Kwetu ngazi huoshwa kwa maji. Nikamwaga ndoo tatu na sabuni ya unga, nikasugua, nikajisifu, nikaenda kunywa chai. Kumbe nyuma yangu maji yameganda. Mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba akatoka na mkoba wake kwenda kazini, akashuka ngazi zote kumi na moja bila kukanyaga hata moja.

Papa Kalala hakunigombeza. Alimwokota mwenyekiti, akamwokotea na mkoba, kisha akanipa ufagio. Akaniambia, "Petit, mdogo wangu, hapa asubuhi ya baridi maji ni adui. Kitu yote yenye iko chini, fagia kikavu. Fagia kwanza, utauliza nyuma."

Nikaifanya sheria. Na nyie ifanyeni, ila msiifanye kama mimi, mtaona kwa nini. Wekeni ndoo ya mchanga mlangoni tangu mwezi wa sita. Bomba la nje livisheni gunia au blanketi bovu, na usiku wa baridi kali bomba la mwisho liacheni lidondoshe kidogo kidogo, maji yanayotembea hayagandi upesi. Likiganda, msilimwagie maji ya moto, litapasuka na mtakuwa mafundi bomba bila kupenda. Fungeni kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, muanzie upande wa koki mrudi nyuma. Na mifereji ya paa isafisheni kabla ya mvua za mwezi wa kumi, kwa sababu mvua ya mawe ya hapa haitanii mtu. Hiyo ndiyo dhoruba ya kweli ya Johannesburg, kila mwaka inavunja vioo na kutoboa paa za magari, lakini hamtasikia chama kikiifanyia braai. Imezoeleka. Mtu hujivunia kitu cha nadra hata kama hakikumfanya lolote.

Sasa kwenye bustani ya Oom Gert kulikuwa na kisanduku cheupe cha mbao, kimesimama kwa miguu minne, kuta zake zina mapengo kama dirisha la mbao la pwani. Wiki nzima nilikizunguka kwa mbali nikidhani mzinga wa nyuki. Ndani mlikuwa na vipimajoto. Pembeni yake kulikuwa na chombo cha kupimia mvua, hicho nilikielewa. Na katikati ya majani kulikuwa na ubao mweupe, mpana kama sinia la harusi, umelazwa chini. Oom Gert aliniambia jambo moja tu kuhusu ubao ule: kila asubuhi uwe safi, asione jani, asione vumbi, asione kinyesi cha ndege.

Hakuniambia ni wa nini. Na mimi sikuuliza, si nimeambiwa nitauliza nyuma? Nikajijibu mwenyewe. Nilishasikia kwamba wazee wa mtaa ule mbwa akifa humzika bustanini na kumwekea alama. Nikasema, basi hili ni kaburi la mbwa. Mzee wa watu hana mke, watoto wako ng'ambo, mbwa wake kalala hapa. Nikamhurumia. Kila asubuhi, miaka mitatu, nikafuta lile kaburi kwa kitambaa chake maalumu, polepole, na Oom Gert akipita namwinamishia kichwa kama mtu msibani. Yeye naye ananiinamishia. Alidhani nimependa sayansi.

Ikafika siku yenyewe. Wiki nzima chama kilikuwa kinapigiana simu, theluji inakuja, theluji inakuja. Oom Gert alikesha dirishani na rula yake ya chuma. Huyu mtu alishaingojea miaka arobaini, tangu ana nywele. Alfajiri usingizi ukambeba kwenye kiti, na theluji ikaanguka yeye anakoroma.

Mimi nikatoka saa kumi na mbili kasorobo na ufagio. Sijawahi kuona kitu kile maishani mwangu, na sitawadanganya, nilifurahi kama mtoto. Kimya, kweupe, hata mapipa ya taka yalipendeza. Kwenye maegesho alikuwapo Sista Nomsa, nesi wa ghorofa ya tatu, yuko mbioni kwenda zamu. Naye alikuwa mwanachama, mwanamke peke yake kati yao. Nilimwona ameshika rula ya shule ya mwanawe, ameichomeka juu ya paa la gari, anaandika kwenye kidaftari. Akanipungia mkono, akaondoka taratibu.

Nikafika kwenye kaburi la mbwa. Kabla ya kufuta, mkono wangu ukafanya kitu chake wenyewe. Mama yangu alinifundisha kupika wali kwa kidole: unasimamisha kidole cha shahada juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza, funika. Tangu nimekuja mjini najipikia, kidole kimezoea, kikiona kitu kimetandazwa kinataka kukipima. Nikakisimamisha juu ya ubao. Theluji ikafika pingili ya pili, sawia kwenye mkunjo. Nikajisemea wali huu ungekuwa bokoboko.

Kisha nikafuta ubao. Nikaufuta ukakauka. Nikafagia na njia, nikafagia na majani yote ya bustani mpaka ukutani kwa mapipa, nikaipandisha theluji ikawa lundo zuri. Papa Kalala angeona fahari.

Oom Gert alitoka na nguo za kulalia na rula mkononi. Jirani zake wote kweupe, bustani yake peke yake ni ya kijani. Akauangalia ubao. Unang'aa. Akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimesafisha, Oom, kama kila siku. Wallahi mzee yule aliketi juu ya ubao ule na nguo zake za kulalia, akalia. Mimi nikazidi kuamini ni mbwa.

Kilio kikageuka hasira, na katika hasira hiyo ndipo nikajua ubao ule ni wa kupimia theluji. Akaniambia adhuhuri anakwenda kwenye kamati, na kabla ya jua kuzama niwe nimetoka, mimi na vitu vyangu. Hapo ndipo nikapata baridi. Nyuma ya jengo nilipewa chumba, dirisha lake linatazama mapipa. Ndani alikuwamo mke wangu Mwanaidi, ametoka Tanga mwezi ule ule, na binti yetu Zuhura wa miezi miwili, amefungwa mablanketi mpaka anaonekana pua. Nitawapeleka wapi kwenye theluji?

Simu ya Oom Gert ikawa inalia. Ndio wenzake, kila mmoja anataka kutaja kipimo chake na kusikia cha mwenyekiti wao. Hakuipokea. Akasimama, akatazama huku na huku, macho yakaangukia lundo langu kwa mapipa. Akalifuata. Akachomeka rula ikasimama, akaipiga picha. Sentimita ishirini na mbili. Akapokea simu, akaitaja namba ile kwa sauti ya mtu mnyenyekevu kabisa, mpaka nikastaajabu.

Baadaye akaja mlangoni kwangu. Akamwona Mwanaidi, akamwona mtoto. Akasema taratibu, "Ubao hukuufuta, Hamisi. Mimi nilipima, kisha ndiyo ukafagia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Oom," nikasema.

Kwenye kamati hakwenda. Nikabaki na kazi, nikabaki na chumba, Zuhura akatambaa kwenye sakafu ile. Nilimweleza Papa Kalala peke yake, akatikisa kichwa akasema kuhusu kufagia nilikuwa sahihi, yaliyobaki ni mambo ya wazungu na Mungu wao. Mwaka uliofuata akarudi kwao Lubumbashi na siri hiyo sandukuni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kufika Randburg. Uongo ule ulitembea miaka kumi na nane na ulizidi kunenepa. Namba ya Oom Gert ikawa ndiyo namba. Wenzake, waliopima kidogo, wakaanza kukumbuka vizuri zaidi: daktari wa meno akagundua alisoma rula vibaya, mhandisi akasema upepo ulipunguza yake. Picha ikawekewa fremu, rula ikawekwa kwenye kisanduku cha kioo. Lundo la ufagio wangu likawa historia.

Ila mtu mmoja hakukumbuka vizuri zaidi. Sista Nomsa aliandika sentimita tano akang'ang'ana na tano. Jengo lile lile, asubuhi ile ile. Wakamcheka. Wakasema gari lilikuwa la moto, wakasema apime wagonjwa. Wakaifuta namba yake kwenye kumbukumbu zao, wakaandika pembeni kwamba kipimo hakiaminiki. Mtu anayepima dawa za watoto wachanga kila siku, kipimo chake hakiaminiki! Akaacha chama.

Siku moja alinikuta kwa mapipa. Pale mtaani watu wazima wanaitana kwa heshima, yeye aliniita baba wa Zuhura kwa Kizulu. "Baba kaZuhura," akasema, "wewe ulikuwa nje mapema siku ile. Ilikuwa kiasi gani?"

Nikatia mkono mfukoni. Nikamjibu, "Sikuangalia, sista."

Akanishukuru. Eish, alinishukuru. Akaniuliza mtoto anaendeleaje, akapanda juu. Huyu ndiye aliyempiga Zuhura sindano usiku homa ilipompanda, hakutaka hata asante. Nami nilikuwa na jibu lake kwenye mkono wa kulia. Hapo msinitafutie udhuru. Nilijitafutia mwenyewe miaka mingi, na chumba kile kilikuwa na unyevu hata hivyo.

Nikastaafu mwaka huu, tukahamia Rosettenville. Zuhura anasoma chuo pale Doornfontein, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, sawa tu, anaelewa. Juzi katibu wa chama akaniletea ujumbe kwenye simu. Wanasimika nguzo ya kumbukumbu bustanini, eti nami ndiye mtu wa kwanza kuikanyaga theluji ile, basi niende nipigwe picha. Nikaenda. Niliambiwa wamenitafutia kuku wa halali, na sifichi, kuku alichangia.

Nguzo ilikuwa ya chuma, ina mstari mwekundu kwenye ishirini na mbili. Wamevaa kofia za sufu na jua lote lile. Oom Gert sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, rula ya kwenye kioo ameipakata. Nilimsalimia kwa kumwinamishia kichwa, kama zamani. Daktari wa meno akatoa hotuba. Akafika kwenye mzaha wao wa kila mwaka: nesi aliyeipima theluji juu ya gari, kama anayelitafutia gari homa. Wakaangua kicheko. Na Sista Nomsa alikuwa anapita, ana mfuko wa viazi, nywele zimekuwa nyeupe. Alisimama kidogo kwenye ngazi, zile zile kumi na moja. Alionekana amezoea, na huko kuzoea kwake kukanichoma kuliko kicheko.

Wakaniita nisimame penye nguzo. Nikasimama. Nikapiga magoti, nikasimamisha kidole cha shahada kwenye ardhi, nikakiweka kidole gumba kwenye mkunjo wa pingili ya pili.

"Ilifika hapa," nikasema.

Walidhani ni mzaha wa mzee. Nikawasimulia. Nikaanza na kaburi la mbwa, wakacheka mpaka mhandisi akakohoa. Nikawaeleza nilivyofuta, wakapunguza kucheka. Nikawaeleza lundo na rula, hakuna aliyecheka. Oom Gert akasema, kwa upole, kwamba Hamisi amezeeka, kumbukumbu zinamchanganya. Nikawaambia sawa, nimezeeka, lakini picha yenu haijazeeka, hebu itazameni. Mwalimu wa hesabu akavaa miwani akaisogelea fremu, waliyoileta bustanini kwa sherehe. Miaka kumi na nane ilining'inia ukutani mwao, na pembeni ya rula, chini kushoto, lipo gurudumu la pipa la taka. Watu waliosoma mawingu maisha yao yote hawakulisoma gurudumu.

Sista Nomsa akashuka ngazi. Akaweka viazi chini. Akamwomba Oom Gert rula, na mzee akaitoa bila kubisha, sijui kwa nini, labda naye alichoka kuibeba. Akainama, akaisimamisha pembeni ya kidole changu, akasoma. Kisha akawageuzia wote waione.

Tano.

Katibu akasema suala hilo litajadiliwa kwenye kikao. Daktari wa meno akasema vidole vya wazee husinyaa. Nyama ikawa inaungua. Nguzo bado iko pale na mstari wake mwekundu, nendeni mkaione, na mkipewa kazi ya kuifuta, ulizeni kwanza.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nikingoja aniambie lolote, hata tusi. Sista Nomsa akauchukua mfuko wake. Akanitazama mkono.

"Siku ile kwa mapipa uliutia mfukoni," akasema. "Nilidhani unasikia baridi."